KUNGUNI: ALAMA ZAKE MWILINI, TIBA YAKE, NA SUMU ISIYOFAA KUTOKA GHALANI

Kila msimu wa kununua mazao unapofunguliwa, vyama vya msingi hupokea watu wengi kwa wakati mmoja. Makarani wa msimu huja na magodoro na mablanketi yao. Walinzi wa usiku hupokezana kitanda kimoja katika kibanda cha ghala. Madereva na utingo wao hujinyoosha juu ya magunia wakingoja zamu ya kupakia. Nao wajumbe waendao kwenye mikutano mikuu hulala katika nyumba za wageni wasizozizoea. Pamoja na watu hao huja mgeni asiyeandikwa katika daftari lolote, naye ni kunguni.

Jambo hili huonekana dogo, na wengi huona haya kulitaja mbele ya wenzao. Hata hivyo lina sehemu mbili ambazo kila katibu wa chama anapaswa kuzifahamu. Sehemu ya kwanza ni kwamba kuumwa na kunguni kwa kawaida si ugonjwa mkubwa. Tiba yake ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Sehemu ya pili ni kwamba watu wengi wamedhurika, na baadhi yao wamekufa, kwa sababu ya sumu walizotumia kumfukuza mdudu huyo. Sumu hizo mara nyingi ni zile za shambani na za kuhifadhia nafaka, yaani zile zile zinazotunzwa katika maghala ya vyama vya ushirika. Kwa hiyo habari za kunguni zinamhusu Bwana Afya, na pia zinamhusu yule anayeshika ufunguo wa ghala.

MDUDU MWENYEWE

Kunguni ni mdudu bapa, wa rangi ya kahawia, mwenye miguu sita, na urefu wa kama milimita 5, yaani unaokaribia punje ya mtama. Hana mabawa ya kurukia wala hachupi kama kiroboto, hutambaa tu. Akisha kunywa damu huvimba, hurefuka na kuwa mwekundu. Wako wa aina mbili hasa wanaomwuma binadamu, mmoja wa nchi za baridi na mwingine wa nchi za joto, na tabia zao zinafanana sana.

Mchana hujificha katika viungo vya kitanda, katika kamba au chaga, katika mishono ya godoro, katika nyufa za ukuta, nyuma ya picha na kalenda, na katika mikunjo ya magunia na chandarua. Usiku, hasa saa zinazokaribia alfajiri, hutoka akivutwa na joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala. Hunywa damu kwa muda wa dakika 5 hadi 10 kisha hurudi mafichoni. Mtu hahisi maumivu wakati huo, na ndiyo maana wengi hukana kwamba wana kunguni mpaka wamekuwa wengi mno.

Jike hutaga mayai meupe, yenye urefu wa kama milimita 1, ambayo huyagandisha katika nyufa. Katika nchi za joto mayai hayo huanguliwa kwa muda wa siku 6 hadi 10. Watoto hupita hatua tano kabla ya kukomaa, na katika kila hatua ni lazima wapate damu. Jike mmoja akitaga mayai 2 tu kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 atakuwa ametaga mayai 60. Aidha, kunguni aliyekomaa aweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kufunga kibanda kwa majuma machache baada ya msimu hakutoshi kumwua kwa njaa.

Ni vizuri pia kuondoa fikra moja ambayo imewaaibisha watu bila sababu. Kunguni hafuati uchafu, bali hufuata watu. Huingia katika nyumba iliyofagiwa vizuri kwa njia ya mkoba, godoro lililonunuliwa kwa mtu, au gunia lililokaa mahali penye wadudu. Tofauti ni kwamba nyumba yenye nyufa na vitu vilivyorundikana humpa maficho mengi, na kumtoa huwa kazi kubwa zaidi.

NAMNA YA KUTAMBUA ALAMA ZAKE

Alama ya kunguni ni kivimbe kidogo chenye kuwasha, mara nyingi chenye kitone katikati. Katika ngozi nyeupe huonekana chekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani sawasawa. Kivimbe huweza kuwa na rangi iliyokoza zaidi kuliko ngozi iliyo karibu yake, au huhisiwa kwa kidole kabla ya kuonekana kwa macho. Vivimbe hivi hutokea zaidi katika sehemu ambazo hazikufunikwa usiku: usoni, shingoni, mikononi, mabegani na miguuni. Mara nyingi hupangika kwa mstari au hukusanyika mahali pamoja, viwili, vitatu au zaidi.

Alama huweza kuonekana asubuhi ile ile, lakini kwa baadhi ya watu huchukua siku kadhaa, hata kufikia siku 14. Wako pia watu ambao hawatoki alama yoyote. Kwa hiyo walinzi wawili wanaolala kitanda kimoja kwa zamu huweza kutofautiana kabisa: mmoja amejaa vivimbe, mwenzake ngozi yake ni safi. Asilaumiwe yule wa kwanza kwamba analeta visingizio vya kukwepa zamu.

Kwa kuwa alama za wadudu wengi zinafanana, ngozi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Mkaguzi wa hesabu hakubali maneno matupu, hutaka kuona hati. Vivyo hivyo anayewashwa na achunguze kitanda chake. Achukue tochi, ainue godoro, na atazame mishono, viungo vya mbao na nyufa za ukuta zilizo karibu na kichwa. Akiona vitone vyeusi kama vya wino, ambavyo ni kinyesi cha kunguni, au matone ya damu katika shuka, au maganda mepesi ya kahawia yaliyovuliwa na wadudu wachanga, au mayai meupe, au wadudu wenyewe, basi shauri limekwisha. Mahali palipo na kunguni wengi huwa pia na harufu nzito ya pekee.

ALAMA ZISIZO ZA KUNGUNI

Kutofautisha ni jambo la lazima, maana yako maradhi ambayo hayangojei.

Mbu huuma ovyo ovyo, alama zake zimetawanyika na huwasha mara moja. Kiroboto huuma zaidi miguuni, kuanzia kwenye vifundo hadi chini ya goti, hasa katika nyumba yenye mbwa, paka au panya. Utitiri wa kuku huwasumbua wale ambao banda la kuku liko karibu na chumba chao. Chawa wa nguo huonekana katika mishono ya nguo zilizovaliwa, wala si kitandani.

Upele ni jambo jingine. Huo huletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ndani ya ngozi. Mwasho wake huzidi usiku, na vipele hutokea katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Upele huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na hauponi kwa kusafisha kitanda tu. Mgonjwa aende zahanati apewe dawa ya kupaka, na wote wanaokaa naye nyumba moja watibiwe siku ile ile, hata wasiowashwa.

Wa kuangaliwa kwa makini kuliko wote ni papasi. Huyu si mdudu wa jamii ya kunguni bali ni wa jamii ya kupe. Ana miguu minane, mwili wa mviringo wenye rangi ya kijivu au ya udongo na ngozi ngumu yenye mikunjo, na hukaa katika sakafu ya udongo na nyufa za kuta za udongo. Naye huuma usiku. Papasi huleta homa ya papasi, ambayo humshika mtu kwa siku chache, ikamwacha, kisha ikarudi tena. Homa hiyo ina dawa zake, na ni ya hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mchanga.

Kutokana na hayo pana kanuni moja rahisi ya kukumbuka: kunguni huleta mwasho, haleti homa. Mtu mwenye alama za kuumwa ambaye pia ana homa, baridi ya mwili, kutapika au maumivu makali ya kichwa, asiseme kwamba ni kunguni tu. Aende akapimwe damu, kwa maana huenda ni malaria, au homa ya papasi, au maradhi mengine.

Baadhi ya wanachama huuliza kama kunguni aweza kuambukiza virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa ini. Jambo hilo limechunguzwa kwa miaka mingi, na haijaonekana kwamba kunguni huwaambukiza watu maradhi hayo. Huko Gambia watoto walifuatiliwa ili kuona kama kuwaua kunguni kungepunguza ugonjwa wa ini wa aina ya B. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba hakukupunguza. Madhara ya kweli ya kunguni ni mwasho, vidonda vinavyotokana na kujikuna, na kukosa usingizi. Kwa mlinzi wa ghala na karani wa mizani, kukosa usingizi si hasara ndogo.

TIBA YA ALAMA

Alama za kunguni hupona zenyewe kwa muda wa juma moja au mawili, iwapo mtu hakuumwa tena na hakujichubua. Kazi ya tiba ni kupunguza mwasho na kuzuia vidonda. Yafuatayo yatosha kwa watu wengi:

1. Kuosha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni, na kukausha taratibu bila kusugua.

2. Kuweka kitambaa safi kilicholoweshwa katika maji baridi kwa muda wa dakika 10 hivi, na kurudia kila mwasho unapozidi.

3. Kukata kucha ziwe fupi na kuziosha, hasa za watoto. Uchafu ulio chini ya ukucha ndio unaogeuza kivimbe kuwa kidonda chenye usaha.

4. Kupaka dawa ya kalamaini, au malai ya haidrokotizoni ya nguvu ya asilimia 1, ambayo hupakwa kidogo kwa siku chache tu. Isipakwe juu ya kidonda, wala karibu na macho.

5. Mwasho ukimzuia mtu kulala, vipo vidonge vya kupunguza mwasho, kama klorofenirimini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton. Vidonge hivi huleta usingizi. Asivitumie dereva, wala mlinzi aliye zamu, wala mtu aliye kwenye mashine. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipewe bila shauri la mganga.

Dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa, kama zile za vidonge vya rangi mbili ambazo watu hununua dukani bila cheti, hazina kazi yoyote kwa alama ya kunguni ambayo haijaoza. Ni fedha iliyotupwa, na ni kuizoesha miili dawa ambayo itahitajika siku ya ugonjwa wa kweli. Aidha isipakwe katika ngozi mafuta ya taa, maji ya betri, wala dawa yoyote ya wadudu.

Mgonjwa apelekwe zahanati akiwa na dalili hizi: kivimbe kuwa na usaha, kuwa na joto na maumivu yanayoongezeka, uvimbe kuenea, tezi kuvimba, au homa. Ikiwa midomo, uso au ulimi unavimba, au anapumua kwa shida, au anazimia, hilo ni jambo la dharura na apelekwe hospitali papo hapo. Hali hiyo hutokea kwa nadra, lakini haingoji asubuhi.

SUMU YA GHALANI SI DAWA YA KITANDANI

Mfano mmoja unatosha kuonyesha njia ambayo balaa hupitia. Mlinzi wa ghala ameshindwa kulala kwa juma zima. Anamweleza karani, naye karani, kwa moyo wa kusaidia, anakumbuka kwamba ghalani iko chupa ya dawa ya pamba iliyobaki tangu mwaka jana. Hakuna aliyeomba kibali, hakuna aliyeandika katika daftari la ghala. Dawa inachanganywa kwa kukisia, inamwagwa juu ya godoro na kuta, na usiku ule ule mlinzi analala humo mlango ukiwa umefungwa. Kila aliyehusika alikuwa na nia njema, na mtu mmoja yumo katika hatari ya kufa.

Dawa za shambani zimetengenezwa zitumike mahali penye upepo, juu ya majani, na mtu asiingie humo mpaka muda ulioandikwa upite. Zikiwekwa katika godoro mtu huzivuta kwa pumzi na kuzinywa kwa ngozi usiku kucha. Baadhi ya dawa za pamba na mboga, kama profenofosi, hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni kutokwa na jasho na mate mengi, machozi, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka, na kupumua kwa shida. Dawa nyingine ya pamba iliyotumika kwa miaka mingi, endosalfani, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Chama kinachokuta chupa za namna hiyo katika ghala la zamani kisizigawe wala kuzimwaga, bali kitoe taarifa kwa maofisa wa kilimo.

Hatari kuliko zote ni vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo vya kijivu vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo hupenya katika nyufa, chini ya milango na juu ya kuta zisizofika darini, ikaingia chumba cha jirani ambaye hana habari. Hakuna dawa maalum ya kuiondoa mwilini. Katika nchi za Ghuba ya Uarabuni na kwingineko watu wamekufa, wakiwemo watoto, baada ya vidonge vya namna hiyo kuwekwa katika vyumba vya kulala ili kuua wadudu. Kidonge cha nafaka kisitolewe ghalani kwa ajili ya chumba cha mtu, hata kimoja, hata kwa mjumbe wa bodi, hata kwa kuazima.

Ikitokea mtu amepata sumu, atolewe mahali hapo na kuwekwa penye hewa safi. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe mwili kwa sabuni na maji mengi, na apelekwe hospitali bila kukawia pamoja na chupa au karatasi yenye jina la dawa ile. Anayemhudumia ajihadhari asiguse sumu kwa mikono mitupu. Mgonjwa asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa au mafuta. Desturi ya kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu imeenea sana, lakini isichukuliwe kuwa tiba, na aghalabu humchelewesha mgonjwa kufika kwa mganga.

KUNGUNI HUZOEA SUMU

Pengine mtu atasema kwamba bora hatari hiyo kuliko kuishi na kunguni. Hoja hiyo haisimami, kwa maana sumu peke yake haijapata kumaliza kunguni. Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939, na mgunduzi wake, Paul Müller wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini kabla hata ya kupewa tuzo hiyo, mwaka 1947, kunguni katika kambi za wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, walikwisha kuonekana hawafi kwa DDT. Leo matumizi ya DDT yamewekewa mipaka na Mkataba wa Stockholm, uliotiwa saini mwaka 2001, na kibali kilichobaki ni cha kupambana na wadudu waenezao maradhi kama malaria, si kunguni.

Mfano wa karibu zaidi uko Tanzania. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini, watu walifurahi kuona kwamba pamoja na mbu, kunguni nao walitoweka. Baadaye walirudi. Utafiti wa vijiji vya Mkoa wa Tanga uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kunguni waliokuwamo katika nyumba zenye vyandarua hivyo walikuwa wamekwisha kuizoea dawa. Hapa pana onyo la pekee: mtu asitupe chandarua chake kwa sababu kunguni wamejificha katika mikunjo yake. Chandarua kimewekwa kuzuia malaria, na malaria huua. Na kifuliwe kwa kufuata maelezo yake, kikaguliwe, kisha kirudishwe juu ya kitanda.

NJIA IFAAYO

Kunguni huondolewa kwa joto, kwa kuziba maficho, na kwa kurudia. Vifaa vyake ni kuni, maji, sabuni, chokaa na nguvu ya mikono, vitu ambavyo kila chama kinaweza kuvipata.

Kwanza, vitu vyote vya kibanda au chumba vitolewe nje siku moja. Shuka, mablanketi, nguo na mapazia yanayostahimili joto vifuliwe kwa maji ya moto sana, kisha vianikwe katika jua kali. Kunguni na mayai yake hufa joto likizidi kidogo nyuzi 50 za Selsiasi na kudumu, lakini ni lazima joto hilo lifike mpaka walipo. Kuanika godoro nene juani husaidia, ila hakutoshi, kwa maana wadudu huhamia upande wenye kivuli. Godoro ligeuzwe mara kwa mara na mishono yake isuguliwe kwa burashi. Lililojaa wadudu na kuraruka lichomwe moto, wala lisiuzwe au kutupwa mahali ambapo mwenzako ataliokota.

Pili, kitanda kifunguliwe, na maji yanayochemka yamiminwe katika viungo, matundu na kamba zake. Kazi hii ifanywe nje, mbali na watoto, na kwa hadhari ya kuungua. Mafuta ya taa yasimwagwe kitandani. Vyumba vimeteketea kwa njia hiyo.

Tatu, nyufa za kuta zizibwe kwa udongo au saruji na kuta zipakwe chokaa. Kalenda na magazeti yaliyobandikwa ukutani yaondolewe.

Nne, kitanda kirudishwe kikae mbali na ukuta, shuka na chandarua visiburute sakafuni, na kila mguu wa kitanda usimame ndani ya kopo lenye maji yaliyotiwa sabuni. Makopo hayo yaangaliwe na kubadilishwa maji kila siku chache ili mbu wasizaane.

Tano, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kazi yote irudiwe baada ya siku 10, kisha irudiwe tena baada ya siku 10 nyingine. Mayai yaliyosalimika siku ya kwanza huwa yameanguliwa, na wadudu wachanga huuawa kabla hawajafika umri wa kutaga. Anayefanya mara moja tu hupumzika majuma matatu, kisha huanza upya.

Ikiwa baada ya hapo bado dawa inahitajika, ashauriwe Bwana Afya. Itumike dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, kwa kipimo na namna iliyoandikwa katika kopo lake, na watu wakae nje mpaka ikauke.

WAJIBU WA CHAMA

Chama cha ushirika kina uwezo ambao mtu mmoja hana. Mtu akisafisha chumba chake peke yake na jirani asisafishe, kunguni watarudi kupitia ukutani. Wakisafisha wote siku moja, wadudu hukosa pa kukimbilia. Kwa hiyo makatibu wa vyama wanaombwa kuyafikisha haya mbele ya bodi zao kabla ya msimu kufunguliwa:

(a) Kibanda cha mlinzi na vyumba vya makarani vikaguliwe kwa tochi kabla ya watu kuhamia, na tena kila mwezi. Tarehe na hali iliyokutwa iandikwe.

(b) Magunia matupu yasitumike kuwa matandiko. Yahifadhiwe juu ya chaga, mbali na kuta na mbali na mahali pa kulala.

(c) Dawa zote za mimea na vidonge vya nafaka vifungiwe penye kufuli ya peke yake. Kila kinachotoka kiandikwe kiasi, jina la mpokeaji, shamba au shehena inayohusika, na saini. Salio la daftari lilingane na chupa zilizopo.

(d) Dawa isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji, na makopo matupu yasigeuzwe kuwa vyombo vya nyumbani.

(e) Mjumbe anayesafiri kwa shughuli za chama aangalie kitanda cha nyumba ya wageni kabla ya kulala, mkoba wake asiuweke kitandani, na nguo zake azifue kwa maji ya moto akirudi.

(f) Mfanyakazi anayetoa taarifa ya kunguni asichekwe. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Yule anayesema mapema amekiokolea chama gharama. Yule anayenyamaza kwa haya ndiye atakayekwenda ghalani usiku kutafuta sumu kwa siri.

Katika vijiji vingi katibu ndiye mwenye ufunguo, ndiye mwenye daftari, na ndiye ajuaye kusoma maandishi madogo yaliyobandikwa katika kopo la dawa. Siku mwanachama atakapomjia na kuomba dawa kidogo tu ya kitandani, amwonyeshe njia ya maji ya moto, ampe tochi akakague, amwelekeze zahanati ikiwa ana homa, na kufuli ya dawa ibaki imefungwa.